Protekta ya kukata mwenyewe: adui wa kioo ni mchanga, si funguo

Kama simu yako ni ya toleo linalouzwa sana, protekta haikusumbui. Tabora mjini au Kigoma, fundi mwenye kimeza chake kibarazani anayo, na anakubandikia ukiwa umesimama. Kazi inaanza ukimpelekea kifaa ambacho hana protekta yake: kishikwambi, kamera, GPS ya mpima ardhi, mizani ya kidijitali ya mnunuzi wa asali, mashine ya malipo, au simu ya zamani ambayo hata kava lake halipatikani tena. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile, na huko mashuleni vinakaa kwenye mikoba pamoja na chaki, rula na vumbi la njiani. Mwalimu akikipeleka kwa fundi jibu ni lile lile: "Mwalimu, ya saizi hiyo hatuna, labda uagize Dar."

Hapo ndipo kukata protekta mwenyewe kunapokuwa na maana, na naiunga mkono kazi hii bila kusita. Sharti langu ni moja tu: anayeikata ajue inakinga nini. Watu wengi hubandika kipande cha plastiki wakiamini kwamba kifaa kikidondoka hakitapasuka. Plastiki nyembamba haina uwezo huo. Kazi yake ni kuzuia mikwaruzo, na hiyo si kazi ndogo, kwa sababu ufa mwingi unaouona kwenye kioo ulianzia kwenye mkwaruzo ambao hukuuona.

Tuanze na huo mkwaruzo. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ngazi kumi za ugumu. Kanuni yake ni rahisi: kilicho ngazi ya juu hukikwaruza kilicho chini yake, wala si kinyume. Ukucha uko kwenye 2.5 hivi. Shaba iko karibu na 3. Kisu cha kawaida cha chuma ni kama 5.5, na kioo cha simu kinacheza karibu na 6. Kwa hiyo funguo, ambazo watu wanazilaumu kila siku, nyingi ni laini kuliko kioo chenyewe. Zikiacha alama, mara nyingi ni madini ya ufunguo yaliyojipaka juu ya kioo, na yanafutika. Lakini kwatzi, yale madini meupe yanayong'aa ndani ya mchanga, yako ngazi ya 7. Almasi ni 10.

Sasa angalia mahali tunapoishi. Tabora imekaa juu ya miamba mikongwe ya graniti. Graniti ikioza kwa mvua na jua la maelfu ya miaka, sehemu yake moja hugeuka udongo wa mfinyanzi na kusombwa, ila kwatzi haiozi. Inabaki punje punje. Ndiyo maana ardhi kubwa ya Unyamwezini ni ya kichanga, na vumbi linaloingia madirishani mwezi wa nane lina punje ngumu kuliko kioo cha simu yako. Kigoma nako miamba yake mingi ni ya mchanga ulioshikana na kwatzi, na ufukwe wa Tanganyika umejaa punje hizo hizo.

Mtazame mama anayeanika dagaa pale Kibirizi. Simu imefungwa kwenye pindo la kanga. Ikiita, anajikung'uta mikono, anaifungua, na kabla hajapokea anapangusa kioo kwa kanga ile ile ili aone namba ya anayepiga. Kidole gumba kimekandamiza, kitambaa kimeburuza, na punje mbili tatu zilizokuwa zimenasa kwenye nyuzi zimepita kioo kizima toka juu mpaka chini. Hakuna aliyesikia kitu. Jioni ukiiinamisha simu ile kwenye taa utaona mistari myembamba kama unywele, yote ikielekea upande mmoja, upande wa mkono wake. Hata kabla ya kufikiria protekta, kuna tabia moja ya kubadili: puliza kwanza, au igongegonge simu kwenye kiganja, ndipo upanguse.

Hapa inabidi nizungumzie zile herufi zilizoandikwa kwenye boksi za protekta za kioo: 9H. Wateja wengi, na hata wauzaji, wanaamini ni ngazi ya tisa ya Mohs, ngazi ya yakuti. Siyo. Ni kipimo cha penseli. Maabara huchukua penseli zenye ugumu unaopanda hatua kwa hatua, hadi ile ya 9H, wakaikandamiza ncha yake juu ya kitu na kuisukuma. Isipoacha mchubuko, kitu kile kinaandikwa 9H. Penseli ni grafiti, ile kaboni nyeusi laini, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, haifiki hata karibu na punje ya mchanga. Protekta ya kioo ya 9H bado ni kioo, na mchanga wa Tabora utaikwaruza vile vile. Naona ni haki mnunuzi ajue hilo kabla hajatoa hela yake.

Basi mkwaruzo unageukaje kuwa ufa? Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith aliandika juu ya swali lililowasumbua wataalamu: kwa hesabu, kioo kinatakiwa kuwa na nguvu kubwa mno kuliko ile inayoonekana kikipimwa. Alionyesha kwamba kioo halisi kina nyufa ndogondogo zisizoonekana, na nguvu inayokivuta hukusanyika zaidi kwenye ncha za nyufa hizo. Muuza vitambaa sokoni anaijua kanuni hii kwa mikono yake. Hachani kitambaa kizima. Anakikata kidogo pembeni kwa mkasi, kisha anakivuta na kinafuata chenyewe mpaka mwisho.

Watengenezaji wa vioo vya simu wanapigana na jambo hilo kwa kemia. Kioo cha aina ya Gorilla Glass, cha kampuni ya Marekani ya Corning, ambacho kilianza kujulikana na iPhone ya kwanza mwaka 2007, hutumbukizwa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 400 hivi. Chembe ndogo za sodiamu zinatoka kwenye uso wa kioo na chembe kubwa za potasiamu zinaingia mahali pao, zikabanana. Uso uliobanwa namna hiyo haufunguki ufa kirahisi. Ila tabaka hilo lililobanwa ni jembamba, sehemu chache tu za mia za milimita. Mkwaruzo wa kina ukilipita, umefika ndani ambako kioo kinavutwa badala ya kubanwa. Siku kifaa kitakapodondoka, hata kutoka kimo cha kiti, ufa tayari una pa kuanzia.

Kwa hiyo plastiki inayokwaruzika juu huku kioo cha chini kikibaki bila alama inafanya kazi kubwa, ingawa siku ya kudondoka yenyewe haitasaidia sana. Yenyewe itakwaruzika haraka. Na ikwaruzike, imewekwa pale ili ichakae na kutupwa.

Kabla ya kwenda steshenari kutafuta plastiki, jua kwanza kifaa chako kinaguswaje. Kuna skrini za namna mbili, na hazitaki kitu kimoja. Simu janja na vishikwambi karibu vyote vya sasa vinafanya kazi kwa sababu mwili wa mtu hupitisha umeme. Kidole kikikaribia, uga wa umeme ulio nyuma ya kioo unabadilika, na kifaa kinajua umegusa wapi. Aina ya pili, inayopatikana kwenye baadhi ya mashine za malipo, GPS za zamani na vifaa vya ofisini, ina matabaka mawili yaliyoachana kidogo, ukibonyeza yanakutana. Kuvitofautisha ni rahisi: gusa kwa ncha ya ukucha au kifuniko cha kalamu. Kikiitikia, ni cha kubonyezwa. Kikitaka nyama ya kidole tu, ni cha umeme.

Skrini ya kubonyezwa kwa kawaida uso wake ni plastiki, laini kuliko kioo, hivyo inahitaji kinga zaidi na pia inaridhika na chochote chepesi. Karatasi angavu ya plastiki isiyo na gundi, ikishikiliwa pembeni, inatosha, maana nguvu ya kidole inapita. Usiweke nene tu, la sivyo mtu ataanza kubonyeza kwa nguvu na matabaka ya ndani yatachoka mapema.

Skrini ya umeme ina masharti yake. Unene si tatizo kubwa: protekta za kioo zenyewe zina kama theluthi moja ya milimita na zinapitisha mguso. Tatizo ni hewa. Uga wa umeme hupita vizuri kwenye plastiki na kwenye kioo, lakini hewa iliyonasa katikati inaudhoofisha, ndiyo maana plastiki iliyolazwa tu bila kushikana hugoma sehemu moja na kuitikia nyingine. Hewa hiyo hiyo inaharibu kuona. Kila mwanga unapoingia kwenye kioo au plastiki kutoka hewani, takriban asilimia 4 hurudi nyuma. Kioo kitupu kina uso mmoja wa namna hiyo. Ukilaza plastiki yenye hewa chini yake, umeongeza nyuso mbili, na mng'ao umefika kama asilimia 12. Ndani ya nyumba huoni tofauti. Toka nje saa saba mchana, ujaribu kusoma ujumbe wa muamala ukiwa standi, hapo utajua. Mafundi wengi wanaijua dawa yake bila kuisomea: wanadondosha mafuta kidogo ya kupikia pembezoni mwa protekta ya kioo ili ile mistari meupe ipotee. Mafuta yanapinda mwanga karibu sawa na kioo, yanaziba hewa, na mstari hauonekani tena. Inafanya kazi, ila kwa muda. Mafuta hukusanya vumbi, na kwenye matundu ya spika si pazuri.

Sasa malighafi. Iliyo bora kuliko zote si ya steshenari hata kidogo: ni protekta ya plastiki ya kifaa kikubwa zaidi, ukaikata. Ya kompyuta mpakato ikatoa ya kishikwambi. Ya kishikwambi ikatoa za simu mbili na ya kamera. Ubora wake uko kwenye gundi ya silikoni iliyopakwa nyuma. Gundi hiyo haishiki kwa kunata kama ulimbo. Inajilaza kwenye kila kibonde kidogo cha kioo mpaka hewa inatoka, kisha inabanduka bila kuacha kitu. Ukiona fundi anayo yenye mkwaruzo upande mmoja, muombe akuuzie kwa bei ya kutupa. Upande mzima unakutosha.

Ya pili ni karatasi za lamineshi. Hizi ni plastiki ngumu, angavu, na kila steshenari inayo. Ukipitisha mfuko mtupu kwenye mashine, kurasa mbili za mikroni 125 zinashikana na kuwa karatasi moja ya robo milimita, safi kabisa. Haina gundi nje, kwa hiyo inafaa pale tu ambapo kava la kifaa lina ukingo wa kuibana: kishikwambi chenye kava la mpira, mizani, mashine ya malipo. Kwenye simu bila kava itateleza. Na kumbuka habari ya hewa niliyoieleza. Kwa mwalimu anayetumia kifaa darasani hilo linavumilika, kwa dereva wa bodaboda anayesoma ramani juani halivumiliki.

Plastiki ya kunata ya kufunikia madaftari ndiyo watu wanayoikimbilia kwanza, na ndiyo ninayoikataa kwa skrini za kioo. Gundi yake imetengenezwa ing'ang'anie karatasi daima. Kwa joto la Kigoma inalainika, inahama pembeni, inakusanya uchafu wa mistari myeusi, na miezi ikipita inazidi kushika. Ukiitoa inaacha utando, na ule mpako mwembamba unaofanya kioo kisishike mafuta ya vidole unaweza kwenda nayo. Selotepu pana ina dhambi hizo hizo. Ile nailoni inayokuja na kifaa kipya kutoka kiwandani ni laini mno, inafaa safari ya dukani tu.

Kukata kunataka utulivu kuliko ufundi. Weka karatasi nyeupe juu ya skrini, pitisha ukucha kwenye ukingo mpaka mstari ujitokeze, kata, na uhakiki. Punguza milimita moja kila upande, kwa sababu vioo vingi vya sasa vimepinda kidogo ukingoni, na plastiki bapa ikifika pale itanyanyuka na kuanza kuvuta mchanga. Kiolezo kikishakaa sawa, kichore kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi ya kinga ya ile plastiki, siyo juu ya plastiki yenyewe. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma juu ya kigae. Mkasi unaacha meno madogo. Pembe zote zizungushwe, hata sarafu inatosha kukupa mviringo, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayonasa kwenye mfuko wa suruali na kubanduka kwanza. Acha wazi sehemu ya juu karibu na spika ya sikioni. Pale ndipo kilipo kihisio kinachozima skrini ukiweka simu sikioni. Ukingo wa plastiki au vumbi likikaa mbele yake, skrini itabaki nyeusi katikati ya maongezi.

Kubandika ndiko kunakowashinda wengi, na kosa si mikono, ni chumba. Usibandike kibarazani. Ingia ndani, zima feni, funga madirisha, nyunyiza maji sakafuni kama unayetaka kufagia, subiri vumbi litue. Bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto ni pazuri zaidi, unyevu unayashusha mavumbi yote. Zima kifaa, kwenye kioo cheusi punje inaonekana. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo sana, kisha kikavu. Halafu chukua kipande cha selotepu, gusa na unyanyue, gusa na unyanyue, kioo kizima. Hapa ndipo selotepu inapostahili sifa.

Laza plastiki mahali pake ikiwa bado na karatasi yake ya kinga, ipange sawasawa, na uishike upande mmoja kwa vipande viwili vya selotepu. Sasa inafunguka na kufunga bila kuhama. Ifungue, toa karatasi ya kinga taratibu, ishushe kuanzia upande ulioshikwa, huku mkono wa pili ukifuata na kadi ya benki iliyovikwa kitambaa, ukisukuma hewa mbele yake. Usiiachie yote kwa mkupuo. Yakibaki mapovu, yaangalie vizuri. Povu lisilo na kitu katikati, dogo, litaondoka lenyewe siku mbili tatu, kwa kadiri silikoni inavyoendelea kujilaza. Povu lenye nukta katikati ni punje, nalo haliondoki kamwe. Nyanyua upande ule kwa selotepu, igusishe selotepu nyingine kwenye punje, shusha tena.

Wapo wanaotumia maji yenye tone la sabuni ili plastiki iteleze mpaka ikae sawa. Kwa zile plastiki laini kama mpira, zinazojiponya mikwaruzo midogo, ndiyo njia yake. Loanisha plastiki, usiloanishe kifaa, na weka mbali na tundu la chaji. Simu yenye alama ya kidole chini ya skrini isajili kidole upya baada ya kubandika. Zipo zinazosoma kidole kwa mawimbi ya sauti, na hewa kidogo tu iliyobaki pale inayazuia.

Mambo mengine niyaseme kwa mkato kwa sababu yanaumiza watu. Usimpelekee fundi wa madirisha akukatie kioo cha milimita 3 uweke juu ya kishikwambi. Kikivunjika kinatoa visu, na mikono inayokishika mara nyingi ni ya watoto. Protekta ya kioo kilichoimarishwa kiwandani haikatwi. Ukiigusa kwa kikata kioo inaweza kupasuka yote. Dawa ya meno haiondoi mkwaruzo kwenye kioo, ina chembe za kusugua zinazomaliza mpako wa juu. Supagluu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe. Petroli na thina msivikaribishe kabisa: vinawaka, na kwenye skrini za plastiki za mizani na kamera vinaleta nyufa na weupe usiofutika.

Wakati wa kuibadili utaujua kwa kidole: ukipitisha ukucha unasikia mikwaruzo inakwamakwama, au ukingo umeanza kukusanya mchanga chini yake. Mchanga ulioingia chini ni mbaya kuliko kukosa protekta, kwa sababu kila mguso unaukandamiza kwenye kioo, kwa hiyo usingoje. Nyanyua pembe moja kwa kipande cha selotepu, vuta polepole ukiilaza nyuma, usiivute kwenda juu. Ikigoma, ipashe kwa kiganja au kwa draya ya saluni kwa joto la chini. Utando wa gundi ukibaki, mafuta kidogo ya alizeti kwenye kitambaa yatauyeyusha. Malizia kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kisha kikavu. Kile kiolezo cha karatasi usikitupe. Andika juu yake jina la kifaa na upande wa juu uko wapi, ukiweke kwenye daftari, maana mwalimu wa darasa la pili atakuja kukiazima.